Bonde la Spiti: kwa nini uingie kwa Shimla na utokee Manali

Ramani humdanganya anayepanga safari ya Spiti. Bonde hili la Himalaya, kaskazini mwa India katika jimbo la Himachal Pradesh, lina milango miwili. Wa kwanza ni Manali: kilomita zipatazo 200 hadi Kaza, mji mkuu wa bonde, mwendo wa siku moja. Wa pili ni Shimla: zaidi ya kilomita 400 kupitia wilaya ya Kinnaur, mwendo ambao msafiri mwenye busara huugawa kwa siku nne au tano. Mwenye likizo ya siku kumi huona jibu liko wazi. Hupanda basi la Manali, na usiku wa kwanza Kaza hulala ameshika kichwa, hataki chakula wala usingizi haumjii.

Tazama namba. Manali iko kwenye mwinuko wa mita 2,050 hivi. Barabara hupanda hadi Kunzum, kipito cha mlima chenye mita 4,551, kisha hushuka Kaza, takriban mita 3,650. Kati ya kifungua kinywa na chakula cha usiku mwili umepandishwa mita 1,600. Wanaojiumiza zaidi ni wanaoamua kulala Chandratal usiku huohuo wa kwanza, ziwa zuri lenye umbo la mwezi mchanga ambalo liko karibu mita 4,250. Hapo mwili umeruka mita 2,200 kwa siku moja. Kwa anayeujua Mlima Kilimanjaro, Kaza iko karibu usawa wa kambi ya Horombo (mita 3,720), na Kunzum iko chini kidogo tu ya kambi ya Kibo (mita 4,720). Hakuna mwongozaji wa Marangu atakayekubali kumfikisha mgeni Horombo siku ileile aliyotoka Moshi.

Kanuni inayotumika milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku na usiku, na kwa kila mita 1,000 ulizopanda ongeza usiku mmoja wa kupumzika palepale. Kinachohesabiwa ni mahali unapolala. Kupanda juu mchana na kurudi chini kulala hakudhuru, tena husaidia. Njia ya Shimla inaifuata kanuni hii karibu yenyewe, bila wewe kupiga hesabu: Shimla mita 2,200, Kalpa 2,960, Tabo 3,280, Kaza 3,650. Kijiji cha Nako kipo kati ya Kalpa na Tabo, nacho kina mita 3,660, kwa hiyo kula chakula cha mchana hapo, zunguka ziwa lake dogo, kisha uendelee ukalale Tabo.

Lipo jambo la pili ambalo waandaaji wa safari hulisema kwa sauti ya chini. Dawa ya kweli ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka, na Spiti kushuka si rahisi. Kilimanjaro mgonjwa hugeuzwa na kuteremshwa moja kwa moja. Ukiugua Kaza na ukataka kurudi Manali, lazima kwanza upande Kunzum, mita 900 juu zaidi, kwenye barabara mbovu, saa ambayo mapafu yako yanaomba kinyume chake. Njia salama ni kuteremka kuelekea Kinnaur, na hadi Reckong Peo, mji mkuu wa wilaya hiyo, ni karibu kutwa nzima garini. Kaza ina hospitali na oksijeni ipo, lakini si mahali pa matibabu makubwa. Ndiyo maana kinga ina uzito huku kuliko milima mingine.

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, uchovu au kizunguzungu ni dalili za kusimama: usipande tena hadi ziishe. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi ukiwa umekaa tu huku unakohoa, huo si ugonjwa wa kusubiri kukuche. Ni ubongo au mapafu kujaa maji, na unashuka usiku huohuo. Dawa ya acetazolamide husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Ganzi vidoleni na kukojoa mara kwa mara ni athari zake za kawaida, usishtuke. Pombe ya shayiri ya wenyeji iache kwa siku mbili tatu za mwanzo.

Ukavu unaoeleza kila kitu

Mvua za monsuni hupanda kutoka kusini, zikagonga safu za Pir Panjal na Himalaya Kuu, zikamwagika huko. Zinachobakisha kwa Spiti ni kidogo sana. Upande wa Manali kuna misonobari na ukungu. Ukivuka Kunzum, milima imekuwa ya kahawia, kijivu na zambarau, bila mti. Maji ya bonde hutoka kwenye theluji ya majira ya baridi na barafu ya vilele. Ukilishika hili moja, nyumba, mashamba, urithi wa mali, hata michoro ya kutani ya miaka elfu moja vyote vinaeleweka.

Tuanze na shamba. Hakuna kinachoota bila kumwagiliwa, kwa hiyo kila kijiji kimejengwa mahali ambapo maji ya barafu yanaweza kuletwa kwa mfereji uitwao kuhl. Mfereji unaweza kuzunguka mlima kwa kilomita kadhaa, na kwa kuwa usiku barafu haiyeyuki vya kutosha, maji hukusanywa kwenye bwawa dogo hadi asubuhi, ndipo hufunguliwa kwa zamu. Mavuno ni ya mara moja kwa mwaka. Shayiri ni ya kula nyumbani. Njegere ni za biashara: hupandwa theluji ikiisha na huvunwa Agosti, wakati mashamba ya tambarare hayana njegere, ndiyo maana zinapata bei. Chini kidogo, kuanzia Tabo, kuna matofaa.

Maji yakiwa na kikomo, ardhi inayolimika nayo ina kikomo, na hapo ndipo mila ya urithi inapoingia. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hurithi nyumba kubwa, khangchen, pamoja na mashamba yote na haki ya maji. Akishaoa na kushika nyumba, wazazi huhamia nyumba ndogo iliyo kando, khangchung. Wadogo zake wa kiume walipelekwa utawani. Mgeni huona wingi wa monasteri katika bonde lenye watu wapatao 12,000 akadhani ni uchaji tu. Uchaji upo, lakini pia ni namna ya kuzuia shamba lisikatwe vipande hadi lisimlishe mtu yeyote. Siku hizi shule, ajira za serikali na utalii vimelegeza mila hiyo, ingawa haijafutika.

Nyumba zenyewe ni za matofali ya tope yaliyokaushwa juani, zimepakwa chokaa, na madirisha yamezungushiwa rangi nyeusi. Paa ni bapa: miti ya mpopla, fito za mwerebi, kisha udongo ulioshindiliwa. Juu ya paa hupangwa matawi na samadi iliyokaushwa, kuni za majira ya baridi. Paa kama hilo linastahimili theluji, kwa sababu theluji husukumwa kwa koleo. Haliwezi mvua ya saa nyingi mfululizo. Mvua kubwa ikija, udongo hulowa hadi ndani, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa majengo ya kale kuliko kwa nyumba ya mtu, kama tutakavyoona Tabo.

Choo cha kijijini pia ni suala la maji. Ni chumba chenye tundu sakafuni na chumba kingine chini yake. Ukimaliza unatupia majivu au udongo kwa koleo lililopo, na mchanganyiko huo hugeuka mbolea ya shamba. Mgeni anayemwaga maji mengi au kutupa plastiki na taulo za kike humo anaharibu mbolea ya mwaka mzima. Taka zako zirudi nawe hadi Kaza.

Kupanda bonde, kituo kwa kituo

Kutoka Delhi unafika Shimla kwa basi, au kwa treni hadi Kalka kisha treni ndogo ya mlimani, reli ya kilomita 96 iliyofunguliwa mwaka 1903 na sasa ni urithi wa dunia wa UNESCO. Lala Shimla, kisha ugawe njia ya Kalpa kwa kulala Sarahan au Sangla. Kalpa upate usiku mbili: asubuhi jua linapotokea nyuma ya Kinnaur Kailash (mita 6,050), na mchana unashuka Reckong Peo, chini kidogo, kushughulikia kibali.

Kibali hiki huwachanganya wengi. Kipande cha barabara kati ya Jangi na Sumdo kiko karibu na mpaka wa Tibet, na mtu asiye raia wa India lazima awe na Kibali cha Mstari wa Ndani. Hutolewa na utawala wa wilaya Shimla, Reckong Peo na Kaza, siku za kazi, kwa nakala za pasipoti na viza pamoja na picha. Usifike Jumapili. Beba nakala kadhaa za kibali, maana kila kizuizi huandikisha. Anayeingia na kutoka kwa Manali pekee, bila kushuka chini ya Tabo, hakihitaji, na hii ni sababu nyingine wageni hukimbilia njia hiyo. Katika eneo hili usipige picha madaraja wala kambi za jeshi.

Khab ndipo Mto Spiti unapoingia Sutlej, katika korongo jembamba ambalo barabara imechongwa kwenye mwamba. Kuanzia hapo Uhindu wa mahekalu ya mbao ya Kinnaur unabaki nyuma na bendera za sala za Wabuddha zinaanza. Baada ya Nako na Sumdo kuna njia ya pembeni kwenda kijiji cha Gue, ambako mwili wa mtawa aitwaye Sangha Tenzin, wa miaka kama 500 iliyopita, umekaa ndani ya chumba kidogo chenye kioo. Ameketi, magoti juu, meno na nywele zikionekana. Hakupakwa dawa za kuhifadhi maiti kama za Misri; hewa hii kavu na baridi imemkausha.

Monasteri ya Tabo ndiyo ya kutumia muda zaidi, hata kama kwa nje haivutii: majengo ya udongo yaliyoinama uwanjani kama vichuguu vikubwa. Ilianzishwa mwaka 996 na Yeshe-Ö, mfalme wa Guge huko Tibet ya magharibi, wakati dini ya Buddha ilipokuwa ikifufuliwa upya, na ikakarabatiwa mwaka 1042. Ndani ya ukumbi mkuu, sanamu 33 za udongo zimetokeza ukutani juu ya usawa wa kichwa, kila moja imekaa kana kwamba inaelea, na kuta zimejaa michoro. Kwa ukaaji wao, ukumbi mzima ni mandala, mchoro mtakatifu wa ulimwengu, ambayo wewe umesimama ndani yake: mungu mkuu, Vairochana wa miili minne iliyopeana migongo, anatazama pande zote, na wengine wamemzunguka kwa mpangilio. Ukiingia bila kulijua hili utaona sanamu nyingi tu. Ingia na tochi ndogo. Mwanga unaoingia ni wa tundu la paa, na macho huchukua dakika kumi kuzoea. Picha ndani haziruhusiwi.

Kilichoihifadhi Tabo ni ukavu uleule. Rangi za maji juu ya lipu ya udongo zingekuwa zimebanduka zamani mahali penye unyevu. Dalai Lama aliendesha ibada kuu ya Kalachakra hapa mwaka 1983, na tena mwaka 1996 monasteri ilipotimiza miaka elfu.

Dhankar iko njiani kwenda Kaza, juu ya genge la udongo na changarawe lililochongwa na upepo, mahali Mto Pin unapokutana na Spiti. Ilikuwa makao ya watawala wa bonde. Genge linamomonyoka, na mwaka 2006 monasteri iliyo juu yake iliingizwa kwenye orodha ya World Monuments Fund ya maeneo 100 yaliyo hatarini zaidi duniani, hivyo mkiambiwa mwingie wachache wachache kwa zamu, si urasimu. Kutoka kijijini kuna njia ya miguu ya saa moja hivi kwenda ziwa lililo juu. Ni zoezi zuri la kuzoea hewa.

Bonde la pembeni la Pin linastahili siku moja au mbili. Huku Wabuddha ni wa madhehebu ya Nyingma, ya kale kuliko yote ya Tibet, wakati monasteri za Tabo, Dhankar na Key ni za Gelug na ile ya Komic ni ya Sakya. Pin ndiko kwa Wabuchen, watawa wenye wake na watoto ambao huzunguka vijijini majira ya baridi wakicheza maigizo ya dini na kupasua jiwe juu ya tumbo la mtu aliyelala, ili kuvunja mikosi. Kuna pia hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa ajili ya chui wa theluji na mbuzi wa milimani.

Kaza ni ya kazi zaidi kuliko uzuri: soko, benki, gereji, kituo cha mafuta. Kaa hapo usiku tatu, na mchana upande vijiji vya juu. Key, kilomita kumi na kitu, ni ile monasteri ya kwenye picha zote, vyumba vimerundikana juu ya kilima hadi mita 4,166. Mrundikano huo haukuchorwa na msanifu. Imevamiwa, ikaungua, ikatikiswa na tetemeko la mwaka 1975, na kila mara ikajengwa upya juu na kando ya kilichobaki. Mbele yake ni Kibber, kisha daraja la Chicham lililofunguliwa 2017. Kabla ya hapo watu walivuka korongo wakiwa ndani ya kapu lililoning'inia kwenye waya.

Siku nyingine ni ya Langza, Hikkim na Komic. Langza kuna visukuku vya amonaiti, viumbe wa bahari wenye gamba la kujiviringa, kwa kuwa miamba hii ilikuwa sakafu ya bahari ya Tethys kabla India haijagongana na Asia. Watoto watakuletea uvinunue. Usinunue: mlima haupandi vingine. Hikkim ina posta tangu 1983, karibu mita 4,400, na kadi utakayotuma Mombasa itafika, ila si upesi. Komic ina kibao kinachojitangaza kuwa kijiji cha juu kuliko vyote duniani chenye barabara ya gari. La Rinconada ya Peru iko juu ya mita 5,000. Piga picha tu.

Adabu ni chache na zina msimamo. Zunguka nguzo takatifu na kuta za mawe yenye sala kwa mkono wako wa kulia ukiwa upande wake, yaani kufuata saa. Vua viatu mlangoni, usinyooshee sanamu nyayo, usikae mahali pa juu kuliko mtawa mkuu. Nyumbani utapewa chai ya siagi na chumvi. Kikombe hujazwa kila unapokunywa, hivyo kama imekutosha, kiache kikiwa kimejaa na ukinywe mwisho wakati wa kuaga. Ukiletewa tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, ukande kwa chai hiyohiyo hadi iwe tonge.

Pesa, mafuta, msimu

Mashine ya kutolea pesa ipo Kaza, na mara nyingi haina pesa au mtandao. Toa fedha taslimu za safari nzima Shimla au Reckong Peo. Jaza tangi Kaza kabla ya kuelekea Manali, maana njia ya Kunzum haina mafuta kabisa. Mtandao wa simu unapatikana Kaza na vijiji kadhaa. Juu yake na njiani, sahau.

Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo abebe kadi ya njano. India haina mzaha na homa ya manjano: cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita.

Kunzum hufunguliwa kati ya mwisho wa Mei na Juni na hufungwa theluji ikirudi, Oktoba au Novemba. Julai na Agosti Spiti yenyewe ni kavu na mashamba ni ya kijani, lakini milango yote miwili iko kwenye mvua, na Kinnaur mlima hushuka barabarani. Septemba ndiyo bora. Wanaotafuta chui wa theluji huja Kibber Februari, nyuzi nyingi chini ya sifuri, na kwao njia ni ya Shimla tu.

Ukitoka bondeni kwa njia ya Manali, ondoka Kaza alfajiri. Si suala la umbali. Baada ya Kunzum barabara inavuka vijito vinavyotiririka juu yake, na vijito hivyo hulishwa na barafu: asubuhi maji ni ya kifundo cha mguu, saa nane mchana yanaweza kuzima injini na kusukuma gari dogo. Ukikuta kijito kimefura, subiri kesho yake asubuhi. Kunzum penyewe madereva huzunguka hekalu mara moja kabla ya kuendelea, usimharakishe. Chandratal, kama unaitaka, sasa ndiyo wakati wake, mwili ukiwa umezoea kwa zaidi ya wiki. Kisha Batal, Chhatru, na Handaki la Atal, kilomita 9, lililofunguliwa Oktoba 2020 na kukuondolea kipito cha Rohtang.

Weka siku mbili tupu kati ya siku ya kufika Manali na ndege yako ya Delhi. Barabara hii ikifungwa, hakuna anayejua itafunguliwa saa ngapi, hata wanaoifungua.